Siku nane nikitafuta unga wa mtoto, Busia mpaka Bwera na kurudi

Siku ya kwanza, Jumatatu

Saa kumi na moja alfajiri niko stendi ya Busia, upande wetu wa Uganda, malori yamejipanga foleni ya kuvuka, madereva wengine bado wamelala chini ya trela. Nina begi moja na mfuko wa unga kilo mbili. Unga wangu mwenyewe, ninaosaga na kufunga na kuuza hapa sokoni, paketi imeandikwa LISHE kwa herufi kubwa za kijani. Huo unga ndo sababu ya safari yote hii.

Niseme mapema ilivyokuwa. Mashine ya kusaga ninayo mwaka wa sita huu, na miaka mitatu iliyopita nikaanza kuchanganya mahindi, wimbi (ulezi), soya, karanga na mukene (dagaa), naita unga wa mtoto. Mdogo wangu anakaa Bwaise kule Kampala, nilikuwa namtumia paketi nne kila mwezi kwa dereva wa taksi. Mwezi wa tatu akanipigia simu analia, mtoto wake wa mwaka na miezi minne kavimba miguu, nywele zimekuwa nyepesi rangi ya kutu, hataki kucheza hataki kula. Waganda wanauita obwosi, hospitali wanasema kwashiakoo. Nikapanda gari siku hiyohiyo. Pale wodini nesi mmoja mama mtu mzima akashika paketi yangu, akaigeuza nyuma na mbele, akaniuliza kwa upole tu, "Mama, humu ndani kuna nini, na kiasi gani?" Nikamtajia vitu. Akasema vitu nimeviona, nauliza kiasi. Sikuwa na jibu. Miaka mitatu nawauzia wamama kitu ambacho nakipima kwa bakuli na kwa macho, na siku soya imepanda bei bakuli linapungua.

Hakuna aliyesema unga wangu ndo ulimuumiza mtoto. Mdogo wangu alipata mimba nyingine akamwachisha ziwa mapema, mtoto akawa anakunywa uji mwepesi kama maji mara mbili kwa siku, basi, na chai ya rangi katikati. Ila lile swali limekaa na mimi tangu Machi, na sasa nimefunga mashine wiki nzima kwenda kulitafutia jibu.

Njia ya Iganga, Jinja, daraja jipya la Nile, Mabira, naipita kila mara sina la kusimulia. Pale Najjembe wale vijana wa aproni wakakimbilia dirisha na gonja na kuku wa mti, nikanunua gonja mbili. Nimelala kwa mdogo wangu Bwaise.

Siku ya pili, Jumanne

Asubuhi nikarudi nyuma mpaka Bweyogerere, kwa watu wa viwango, UNBS. Nilidhani nitafukuzwa na kifuko changu, nikapokelewa vizuri, kijana mmoja akakaa na mimi karibu saa nzima.

Kitu cha kwanza alichonieleza ni sheria, na hii nataka kila mwenye mashine aisikie. Uganda tuna kanuni za kuongeza virutubishi kwenye chakula tangu 2005, zikafanywa za lazima 2011. Chumvi, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, unga wa mahindi. Sasa kwenye mahindi lazima hiyo inawashika wenye viwanda vya kusaga zaidi ya tani 20 kwa siku. Ishirini! Mi nikisaga tani moja kwa siku nimechoka na mkanda umekatika. Maana yake mtu wa mjini anayenunua paketi ya kampuni kubwa dukani anapata unga wenye vitamini na madini ya chuma, na mama wa kijijini anayebeba debe lake la mahindi kichwani kuja kwa mtu kama mimi, anarudi na wanga mtupu. Na hao wa kijijini ndo wengi. Siilaumu sheria, huwezi kumpeleka mkaguzi kwenye kila kibanda chenye injini ya dizeli, ila hapo katikati kuna shimo kubwa na watoto wetu ndo wanaangukia humo.

Cha pili, aflatoksini. Ile sumu ya ukungu, kwa Kiswahili cha vitabu sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, basi, na ile kali zaidi inayoitwa B1 isizidi 5. Haionekani kwa macho, haitoki kwa kuchemsha, huwezi kuionja. Inaharibu ini, na nyingi ikiingia kwa mara moja inaua. Nikamwambia mi natoka Busia, naijua. Machi 2021 Kenya walipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumu hiyohiyo, malori yalisimama pale mpakani mpaka mahindi yakaanza kunuka, siku chache baadaye wakafungua kwa masharti. Wote tulilia biashara. Mi sikuuliza hata siku moja yale yaliyokataliwa yanaenda kuliwa na nani, na mashine yangu wiki ile ilisaga kama kawaida.

Mchana nikashuka Kisenyi, mtaa wa mashine, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, Kiswahili kinapigwa kila kona, Wakongo, Wasomali, watu wa Arua. Nilitaka kuona wenzangu wanafanyaje unga wa mtoto. Sehemu moja, jina naliacha, msimamizi akanionyesha mahindi yale ya bei ya chini kabisa, yale ya kulishia kuku, yanaingia kwenye mashine na soya mbichi haijaguswa na moto. Nikauliza vitamini mnaweka wapi. Akanyoosha kidole kwenye rola ya lebo. "Pale." Paketi ina picha ya mtoto mnene anacheka. Nilitoka pale natetemeka kwa hasira, na njiani nikakumbuka herufi zangu za kijani.

Soya mbichi jamani. Ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya proteini, ndo maana mtoto anaharisha na kuvimba tumbo, halafu mama anasema soya haimpendi mwanangu. Soya ni karibu asilimia 40 proteini, hakuna nafaka inayoikaribia, lakini bila moto wa kutosha hiyo proteini inampita mtoto tu.

Siku ya tatu, Jumatano

Leo nitaandika mrefu.

Ilikuwa siku ya mtoto kurudi kliniki, hospitali ya Mulago, kitengo cha Mwanamugimu. Hilo jina kwa Luganda ni mtoto mwenye afya, na kitengo kipo tangu miaka ya 1960. Mulago ugonjwa huu wanaujua kuliko sehemu nyingi duniani, enzi za ukoloni daktari Hugh Trowell alikuwa hapohapo anasumbuka kuelewa kwa nini watoto wanavimba wakati tumbo halina njaa. Na jina lenyewe kwashiakoo daktari Cicely Williams alilileta kutoka Ghana miaka ya 1930, kwa lugha ya Waga wa kulekule Ghana ni ugonjwa anaopata mtoto mdogo wake akizaliwa. Obwosi yetu inasema kitu kilekile. Wazee wa pande mbili za Afrika hawajawahi kuonana, wakaona jambo moja, mtoto anaumwa pale ziwa linapohamia kwa mwingine.

Tulikaa benchi na wamama kama kumi na tano. Nesi yuleyule wa Machi akatuita. Akachukua ule utepe wa rangi tatu, akaupitisha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, akavuta taratibu mpaka ukagusa ngozi bila kuibana. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hapo mtoto yuko hatarini kabisa. Mpaka 12.5 njano. Juu ya hapo kijani. Machi mkono ulikuwa mwekundu na miguu imevimba juu. Leo dirisha la utepe limesoma 12.1. Njano. Mdogo wangu akanishika goti chini ya meza hakusema kitu.

Mtoto kapewa paketi yake ya karanga ya tiba, na jinsi anavyoila, sijui nielezeje. Anaikanda kwanza kwa vidole viwili ilainike, mama anachana kona, anaishika mwenyewe kwa mikono yote miwili anaminya, ulimi unatangulia kupokea, anafumba macho. Paketi gramu 92, nguvu kalori 500. Ndani ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, na vitamini na madini yote. Haichanganywi na maji, na kwa sababu haina maji vijidudu havipati pa kuzaliana, hata nyumba isiyo na friji wala maji safi. Wafaransa ndo walioibuni, daktari André Briend na wenzake, 1996, na 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yakakubali rasmi kwamba mtoto ambaye bado ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine mzito atibiwe nyumbani kwa hiyo paketi, si lazima alale wodini wiki nzima mama kaacha wengine nyumbani.

Nikamwambia nesi, sista, hii mi naweza kuitengeneza, karanga ninazo. Akatikisa kichwa. Akasema mama, hii ni dawa. Kosa la kipimo kidogo tu na unampa mtoto ambaye ini na figo zake ndo kwanza zinajifunza tena kufanya kazi. Na maziwa ya unga humo ndo yanakula hela. Hiyo waachie wenye viwanda na maabara. "Wewe kazi yako ni wale ambao hawajafika hapa." Akanionyesha lile benchi, hawa wote walikuwa na mkono wa kijani siku moja, wakawa wa njano, hakuna aliyegeuka kuwaangalia, wakaja hapa wekundu. Unga wako ni wa pale kijani inapoelekea njano.

Nimeandika hayo maneno kwenye daftari nikiwa bado nimekaa mbele yake.

Halafu akatupeleka jikoni kwao kule nyuma ambako wamama wanafundishwa kitobero. Ni chakula cha mchanganyiko, jani la ndizi limekaushwa kidogo juu ya moto lisipasuke, ndani yake unaweka matooke (ndizi za kupika) yaliyomenywa, maharage yaliyolowekwa yakatolewa maganda, karanga zilizotwangwa, mukene wa unga, maji kidogo, unafunga, unaweka kwenye sufuria inapikwa kwa mvuke pole pole, ikiiva unaponda palepale ndani ya jani, dodo, mchicha wetu, inaingia mwishoni. Vyote vya shambani na ziwani kwetu. Mama mmoja wa makamo akasema mbona hivi vyote ninavyo nyumbani, ila kila kimoja nakipika siku yake. Nikaona wenzake wanakubali kwa vichwa.

Jioni Katwe, kwa mafundi wa vyuma, nimeagiza pipa la kuchanganyia lenye mkono wa kuzungusha na mabawa ndani. Fundi kaniahidi wiki tatu.

Siku ya nne, Alhamisi

Basi la Fort Portal. Mityana, Mubende, Kyenjojo, mashamba ya chai yamekatwa kama nywele za mwanafunzi. Na ndizi, ndizi, ndizi, kila nyumba imezama kwenye migomba, maziwa yapo, maharage yapo, mvua ipo.

Sasa sikilizeni. Kwenye ule utafiti mkubwa wa afya wa 2016 nchi nzima watoto 29 katika kila 100 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Mkoa ulioongoza si Karamoja kwenye ukame. Ulikuwa ni huu wa Tooro, karibu 41 katika 100. Na nchi nzima zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu. Nimeangalia dirishani masaa mawili nikitafakari hiyo hesabu. Mtoto wa hapa hakosi kushiba, anashibishwa matooke tumbo likajaa, ndani ya hilo tumbo proteini kidogo, chuma kidogo, zinki kidogo, na urefu wake unabaki pale. Na udumavu haumlizi mtoto usiku, hauvimbishi miguu, hakuna mama anayekimbia nao hospitali.

Siku ya tano, Ijumaa

Kijiji kimoja nje ya Fort Portal, kikundi cha wamama ishirini na kitu, mwenyeji wangu ni mke wa askari mwenzake shemeji yangu, Kiswahili chake cha kambini kimenyooka. Kabla ya yote wakanipa empaako, huku hawakuiti bila hilo jina la heshima. Mi sasa ni Akiiki. Bibi mmoja mzee sana akanishika mikono yote miwili, "Akiiki, karibu nyumbani," na kazi ikaanza.

Kitu nilichokiona hapa ndo kimebadilisha mawazo yangu kuliko vyote. Kimea. Tunakijua wote, cha pombe na cha obushera, ule uji wa wimbi. Wanaloweka wimbi usiku mmoja, wanamwaga maji, wanalifunika kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka linachipua, wanaanika juani, wanapukuta vichipukizi, wanasaga. (Wakitumia mtama wanakuwa wakali zaidi kwenye kupukuta, chipukizi la mtama lina sumu, lisibaki hata moja.)

Basi mwenyeji wangu akapika uji wa unga wa mahindi na soya mzito kabisa, mwiko unasimama wima wenyewe. Akautoa motoni ukapoa kidogo, uwe wa moto wa kuvumilika, maana ukiwa unachemka unakiua kimea kabla hakijafanya kazi. Akaweka kijiko kimoja cha unga wa kimea. Akakoroga. Nilikuwa nimeinama karibu kabisa na sufuria nikaona mwiko unaanza kulala, taratibu, uji unalegea kama umeongezwa maji na hakuna tone lililoongezwa, dakika chache tu unamiminika kwenye kikombe. Akaurudisha jikoni ukachemka tena kuua vijidudu.

Nikaonja. Mtamu bila sukari.

Nielezee kwa nini hii ni kubwa. Mtoto wa miezi minane tumbo lake ni dogo kama ngumi zake mbili zikiwekwa pamoja. Uji mzito hawezi kuumeza, kwa hiyo mama anaongeza maji, na kila akiongeza maji mtoto anakunywa maji mengi na chakula kidogo, tumbo limejaa kumbe hamna kitu. Ndo kilichompata mtoto wetu Bwaise. Kwa kimea unamwekea unga mwingi kwenye kikombe kilekile na bado unanyweka. Na kule kuchipua kunapunguza zile asidi za kwenye ganda la nafaka zinazoshika chuma na zinki zisiingie mwilini. Kijiko kimoja! Na mi nilikuwa nauza wimbi kavu.

Shambani wakanionyesha viazi vya rangi ya machungwa, Kabode, moja ya zile mbegu zilizotoka kwa watafiti wetu wa kilimo wa NARO. Mganda mwenzetu Robert Mwanga ni mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani 2016 kwa kazi ya mazao kama haya, nadhani haisemwi vya kutosha kwenye nchi yake. Ile rangi mwili unaigeuza kuwa vitamini A, kipande cha gramu 125 kinamtosha mtoto mdogo kwa siku, ukiweka na mafuta kidogo au karanga ili iingie vizuri. Nikafikiria kukausha na kusaga kwenye unga wangu, wakanionya, ukiuweka stoo miezi rangi inafifia na vitamini inaondoka nayo. Bora mtoto ale kiazi chenyewe.

Na jambo moja la chai. Nimewaona wakimpa mtoto chai ya rangi na chakula, hapa ni nchi ya chai, na bibi alishangaa nilipomwambia nilichoambiwa Mulago, chai inazuia chuma. Akauliza basi tumpe nini. Mwenyeji akasema kipande cha papai au pasheni bibi, hiyo inaivuta chuma ndani badala ya kuifukuza.

Siku ya sita, Jumamosi

Fort Portal mpaka Kasese saa moja na kitu, halafu Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Soko la Kiswahili hili, Kiswahili cha Kongo, "mama unatafuta nini, kuya uone," nimejisikia kwetu.

Kikundi nilichokifuata ni wamama tisa na vijana watatu, wanatengeneza unga wa uji kwa ajili ya shule ndogo na kliniki za jirani, na wanaweka premiksi, ule unga wa vitamini na madini. Ndo wa kwanza nimewaona wa kiwango changu wanaofanya.

Lakini kabla ya premiksi wanachambua, na wanachambua kama watu wanaotafuta sindano. Karanga zinamwagwa kwenye meza nyeupe, wamama wanne, zilizosinyaa toa, zilizobadilika rangi toa, zilizovunjika toa, zenye ukungu toa na jirani yake pia. Ile mbovu haiuzwi wala haipewi kuku, inafukiwa. Soya vilevile. Kiongozi wao, nimwite tu Mama Mkubwa kama wanavyomwita, akanikumbusha Karamoja, Machi 2019, watu zaidi ya 300 waliugua kwa unga wa msaada wa mahindi na soya, wengine wakapoteza maisha. Uchunguzi ukaonyesha sumu ya mbegu za gugu la datura, lile la maua kama tarumbeta na tunda la miiba, zilivunwa pamoja na soya zikasagwa humohumo. "Ule ulitoka nchi za nje, viwanda vikubwa," akasema, "sisi hapa tuna macho, tutumie macho." Akaninyooshea ungo.

Na kipimo cha unyevu, chupa ya soda kavu, chumvi kavu vijiko kadhaa, mahindi kidogo, tikisa, acha robo saa, tikisa tena. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado mabichi, yana zaidi ya asilimia 15, ukiyaweka stoo unafuga sumu. Chumvi ikianguka chini kavu, vizuri. Hakuna mashine, hakuna umeme.

Sasa premiksi. Kwa ile yao, gunia la kilo 100 linahitaji kama gramu 50 tu, vijiko vichache vya chakula. Hapo nikaelewa nesi aliuliza kiasi kwa sababu gani. Ukizimwaga tu juu ya gunia ukakoroga, mtoto mmoja anapata nyingi mno na mwingine hapati kitu. Wao wanapima kwenye mizani ndogo ya vito, ile ya wauza dhahabu waliinunua hapo mpakani. Gramu 50 na kilo moja ya unga, zinachekechwa pamoja mara tatu. Hiyo kilo na kilo kumi, tena. Halafu ndo inaingia kwenye pipa na zilizobaki, inazungushwa kwa saa ya simu, robo saa kamili, wanapokezana mikono. Na ni baada ya kukaanga na kusaga, unga umepoa, kwa sababu moto na jua vinaua vitamini A. Kwa sababu hiyohiyo paketi yao haionyeshi ndani. Yangu ni nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga.

Kijana mmoja akachota unga sehemu tatu za pipa, juu, katikati, chini, akausawazisha kwenye sahani, akadondoshea dawa mbili za chupa ndogo walizopewa na chuo. Tukasubiri. Vikaanza kutokea vidoa vyekundu, kimoja, vitano, kama vipele vya surua, sahani zote tatu karibu sawa. Ni chuma kile. Kwa mara ya kwanza maishani nimekiona kwa macho kitu ninachodai kuuza. Nikawaomba waweke na unga wangu kutoka Busia, kifuko nilichobeba.

Sahani ilibaki nyeupe.

Hakuna aliyesema neno baya. Mama Mkubwa akaifuta sahani akanimiminia uji.

Shida zao nazo ni kubwa. Premiksi inauzwa kwa katoni za viwanda na ikifunguliwa ina tarehe yake ya kuisha, kikundi kidogo hakiwezi kumaliza, wanagawana na vikundi viwili vya jirani. Kupima sumu maabara ni gharama kwa kila shehena. Na sokoni paketi yao inakaa karibu na ile yenye picha ya mtoto mnene, ya bei nafuu, na mama mwenye shilingi elfu mbili mkononi hana namna ya kujua. Kama serikali inatafuta pa kuweka hela, iweke hapa, premiksi kwa pakiti ndogo na kupima kwa bei ya mkulima, hawa watu kazi wanaijua tayari.

Siku ya saba, Jumapili

Njiani tu. Basi la usiku, mgongo umeuma, nimeshika chupa ya kimea mapajani Kasese mpaka Kampala. Nimemshushia mdogo wangu nusu yake na kumwonyesha kijiko. Mtoto kalala, sikumwamsha.

Siku ya nane, Jumatatu

Busia saa nne asubuhi, na mzee anayeniletea mahindi miaka yote kashafika, magunia kumi na mbili mlangoni anataka yaingie ndani kabla hajaenda kunywa chai. Nikamwomba asubiri. Nimetoa chupa, chumvi, mahindi kiganja kimoja kutoka gunia la kwanza. Robo saa. Chumvi imeganda mpaka shingoni.

Gunia la tano vilevile. La tisa ikaanguka kavu.

"Mwanangu," mzee akasema, "miaka sita hujawahi kunipimia kwa chupa."

Nikamwambia kweli mzee wangu, sijawahi, na nikamweleza yote, miguu ya mtoto, benchi la Mulago, sahani nyeupe. Aliniacha nikamaliza. Akavua koti, akanisaidia kutandika turubai mbili uani, hela atachukua yakikauka. Paketi zangu 86 zilizobaki dukani nimezitoa rafu, huo unga utauzwa wa posho, yaani wa ugali, kwa bei ya posho bila jina la LISHE, na unga wa mtoto nimewaambia wateja hakuna mpaka pipa litoke Katwe na sampuli irudi kutoka maabara. Wamama wawili wamekasirika. Mmoja nimemfundisha kuloweka wimbi.

Naishia hapa, wingu limetanda upande wa Tororo na mahindi yako nje.